Kiwango cha ukaguzi kimepanda, mzigo umehama

Tangu serikali ya Marekani ilipofanyia marekebisho kanuni zake za ruzuku mwaka 2024, kuna habari inayopokelewa kwenye vikao vya bodi kama zawadi: asasi inayotumia chini ya dola 1,000,000 za serikali ya shirikisho kwa mwaka haidaiwi tena ule ukaguzi mkubwa wa kila mwaka unaoitwa ukaguzi mmoja (single audit). Kiwango cha zamani kilikuwa dola 750,000. Wahasibu wamepumua, wakurugenzi wameanza kufuta kasma ya ukaguzi kwenye bajeti, na wapo wajumbe wa bodi wanaoongea kana kwamba uwajibikaji wenyewe umepunguzwa bei. Nadhani wamesoma mstari mmoja wakaacha kurasa. Kazi ya kukagua haikufutwa. Imeondolewa mikononi mwa mkaguzi wa nje, ambaye taarifa yake husomwa na yeyote anayetaka, ikapelekwa kwa ofisa wa mfadhili, ambaye maandishi yake yanabaki kwenye jalada la ofisini. Kwa asasi ndogo, mabadilishano hayo yanaweza kuishia kuwa ghali kuliko ukaguzi uliofutwa.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1984 kila wizara ya Marekani iliyotoa ruzuku ilikuwa na utaratibu wake wa kukagua. Asasi iliyopata fedha za lishe, za makazi na za mafunzo ya kazi ingeweza kutembelewa na wakaguzi watatu ndani ya mwaka mmoja, wote wakifungua daftari lilelile, huku shirika la jirani likipita miaka bila kuguswa. Bunge likapitisha sheria ya ukaguzi mmoja: mkaguzi huru mmoja, taarifa moja, na wizara zote ziitegemee hiyo. Kiwango cha lazima kilianzia dola 100,000. Marekebisho ya mwaka 1996 yakakifikisha 300,000, mwaka 2003 kikawa 500,000, kanuni za Desemba 2013 zikaweka 750,000, na sasa milioni moja.

Watu hukosea hapa katika mambo mawili. Kwanza, kinachohesabiwa ni fedha zilizotumika ndani ya mwaka wa fedha; zilizoingia benki au zilizoahidiwa kwenye mkataba hazihusiki. Na zinajumlishwa zote, zilizotoka wizarani moja kwa moja pamoja na zilizopitia jimboni, manispaa au kwa shirika jingine. Asasi yenye ruzuku nne za dola 260,000 kila moja, ikizitumia zote ndani ya mwaka mmoja, imevuka kiwango hata kama hakuna ruzuku moja iliyokaribia milioni. Pili ni tarehe. Kiwango kipya kinahusu miaka ya fedha iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 na kuendelea. Anayefunga hesabu Desemba alianza kukitumia kwa mwaka 2025. Hesabu zake za 2024 ziliendelea kupimwa kwa kiwango cha zamani. Anayefunga Juni alianza Julai 2025. Bodi iliyofuta ukaguzi wa 2024 kwa kuwa ilisikia Oktoba 2024 ikitajwa, huku imetumia dola 800,000, ina deni la taarifa.

Ukaguzi wenyewe ni kazi mbili katika moja. Mkaguzi anatoa maoni juu ya taarifa za fedha, ile ambayo sisi tumezoea kuiita hati safi au hati yenye shaka, kisha anapima kama masharti ya ruzuku yalifuatwa. Hapimi kila kitu. Anachagua programu kubwa na zile zenye hatari zaidi, halafu anauliza: gharama hii inaruhusiwa? Aliyehudumiwa alistahili? Manunuzi yalishindanishwa? Mshahara uliotozwa kwenye ruzuku unalingana na kazi iliyofanyika, au uligawanywa kwa makadirio ya bajeti? Asasi yenye rekodi nzuri kwa miaka miwili mfululizo hupimwa programu zinazobeba angalau asilimia 20 ya matumizi ya fedha za shirikisho. Nyingine asilimia 40. Akikuta katika programu aliyoipima gharama zenye shaka zinazozidi dola 25,000, hana hiari, lazima aziandike. Taarifa yote inapelekwa kwenye hifadhi ya serikali mtandaoni ndani ya siku 30 baada ya mkaguzi kuikabidhi au miezi 9 baada ya mwaka kufungwa, kwa kutegemea ipi inatangulia. Humo mtu aliyeko Mwanza au Mombasa anaweza kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Mtanzania anayefuatilia taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinapowasilishwa bungeni kila mwaka hahitaji kuelezwa uzito wa hoja ya ukaguzi iliyo hadharani. Mkurugenzi anaweza kumpuuza ofisa mmoja, lakini si rahisi kupuuza aya ambayo mwandishi wa habari anaweza kuisoma hewani.

Waliotaka kiwango kipande wana hoja nzito. Ya kwanza ni hesabu tu. Ukipiga hesabu ya mfumuko wa bei, dola 750,000 za mwaka 2013 ni karibu dola milioni moja za mwaka 2024. Kwa hiyo kwa thamani halisi kiwango hakikupanda. Kilirudishwa pale kilipokuwa. Asasi iliyokuwa chini ya mstari mwaka 2014, ikaendelea kuhudumia watu walewale kwa mishahara iliyopanda na kodi ya ofisi iliyopanda, ilijikuta juu ya mstari bila kukua hata kidogo. Ya pili inawahusu wakaguzi wenyewe. Mwaka 2007 wakaguzi wakuu wa wizara za Marekani walitoa matokeo ya kupitia sampuli ya kaguzi 208 za aina hii. Walikadiria kwamba ni asilimia 48.6 tu zilizokuwa na ubora unaokubalika, na asilimia 35.5 hazikukubalika kabisa. Lakini tazama fedha: zile zilizokubalika zilibeba karibu asilimia 93 ya thamani ya ruzuku zote katika sampuli hiyo. Maana yake ni kwamba kaguzi mbovu zilirundikana upande wa mashirika madogo, ambako mara nyingi mkaguzi ni ofisi ndogo inayogusa ruzuku za serikali mara moja kwa mwaka. Ukaguzi wa namna hiyo humlaza mtu usingizi bila sababu. Ongeza uhaba wa wahasibu walioidhinishwa, ambao umefanya kampuni nyingi zikatae wateja wadogo, utaelewa kwa nini Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Ikulu iliona heri kuwaacha wadogo na kukaza kwa wakubwa.

Wapinzani wanajibu kwa neno moja: Minnesota. Huko shirika lililoitwa Feeding Our Future lilisimamia vituo vya kulisha watoto kwa fedha za shirikisho wakati wa janga la UVIKO-19. Mwaka 2019 lilipitisha takriban dola milioni 3.4, mwaka 2021 karibu milioni 200. Mashtaka yalitangazwa Septemba 2022, wizi ukikadiriwa kuwa dola milioni 250, na mwanzilishi wa shirika alitiwa hatiani Machi 2025. Hoja ya wapinzani ni kwamba ukilegeza ukaguzi, hayo ndiyo utakayovuna. Kwa sura hiyo hoja haisimami. Shirika lililopitisha mamilioni mia mbili lilikuwa juu ya kiwango chochote kilichowahi kuandikwa, kiwe cha zamani au kipya. Tena taarifa ya ukaguzi huja miezi kadhaa baada ya mwaka kwisha, wakati sahani za kwenye karatasi zimeshalipwa zamani. Waendesha mashtaka walieleza jinsi orodha za watoto zilivyojazwa majina yaliyochotwa kwenye tovuti ya kuzalisha majina ovyo, zikaambatanishwa na ankara za kughushi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Minnesota mali ilipotea daftari likiwa limejaa.

Hata hivyo kesi hiyo ina funzo jingine ambalo wapinzani wenyewe wanalipita. Jiulize nani alikuwa na wajibu wa kwenda kuhesabu watoto kituoni saa ya chakula. Ni msimamizi, yaani shirika lilelile lililokuwa linakata ada yake ya uendeshaji katika malipo ya kila kituo. Kadiri watoto walivyoongezeka kwenye orodha, ndivyo ada ilivyoongezeka. Juu yake kulikuwa na idara ya elimu ya jimbo, ambayo Mkaguzi wa Bunge la Minnesota alisema katika taarifa yake ya Juni 2024 kwamba usimamizi wake haukutosha na ulitoa mwanya kwa wizi. Sasa, mfumo unaotegemea ufuatiliaji wa yule aliyekupa fedha badala ya mkaguzi asiye na maslahi ndio hasa mfumo ambao mashirika madogo yanasukumiwa kwa kiwango kipya. Sisemi kila mpokeaji mkuu, yaani anayepokea ruzuku ya serikali na kuigawia asasi nyingine, ni mwizi. Wengi ni watu wanyoofu waliozidiwa na kazi. Nasema ofisa wa mpokeaji mkuu anapima kazi ambayo mafanikio yake mwenyewe yameegemea, na anachokiona hakichapishwi. Wakati huohuo, kwa asasi za wahamiaji wa Afrika Mashariki katika jimbo hilo, zenye makosa na zisizo na makosa, sakata lile limeacha jicho la shaka ambalo hati safi ya mtu wa nje ndiyo jibu lake la haraka. Kuipoteza hati hiyo wakati huu ni bahati mbaya.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote ni ile ambayo watendaji huisema chini chini: tumepona. Kanuni za msingi kuhusu gharama zinazoruhusiwa bado zipo. Mshahara unaotozwa kwenye ruzuku ya dola 40,000 unahitaji kumbukumbu za kazi zilezile zinazohitajika kwenye ruzuku ya milioni 40. Nyaraka zinatunzwa miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha. Wizara, mkaguzi mkuu wake na ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani bado wana haki ya kubisha hodi na kufungua makabati. Majimbo nayo yana sheria zake za asasi za hisani, na hizo haziangalii fedha za shirikisho peke yake. Minnesota inadai hesabu zilizokaguliwa kwa asasi iliyosajiliwa ambayo mapato yake yote yanazidi dola 750,000, New York kwa zinazozidi dola milioni moja. Benki inayokopesha jengo itadai. Mfadhili binafsi atadai. Mwaka wa kwanza bila ukaguzi wa shirikisho, asasi nyingi zitagundua kwamba mkaguzi bado anakuja, isipokuwa anaacha nje kile kipande cha masharti ya ruzuku, ambacho ndicho kilichokuwa na faida kwao mbele ya wafadhili wa serikali.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoshangilia hawalisomi. Kanuni zinamtaka mpokeaji mkuu apime hatari ya kila mpokeaji mdogo anayempa fedha, na miongoni mwa vigezo vinavyotajwa ni matokeo ya kaguzi zilizopita, pamoja na swali la kama mpokeaji huyo anafanyiwa ukaguzi mmoja au hafanyiwi. Asiye nao anaweza kuanza akiwa na alama ya shaka. Na shaka kwenye ruzuku ina bei: badala ya kupewa fedha mapema, unaambiwa utumie zako kwanza ndipo urejeshewe, badala ya ripoti ya robo mwaka, vocha za kila mwezi na risiti zake, ziara, dodoso, mafunzo ya lazima. Asasi yenye wafadhili watano itakuwa na dodoso tano zenye maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Aliyewahi kushika nafasi ya mtunza hazina anajua kwamba kazi ya namna hii hailipiwi na mtu yeyote, huliwa usiku na wikiendi za watu wawili watatu. Ndiyo hali iliyofanya sheria ya mwaka 1984 itungwe, na sasa inarudishwa kwa walio na uwezo mdogo zaidi wa kuihimili.

Mtu atasema basi asasi iamue kufanya ukaguzi huo kwa hiari. Inaweza, kwa fedha zake. Kanuni zinakataza kutoza kwenye ruzuku gharama ya ukaguzi mmoja kwa asasi isiyofikia kiwango. Ukaguzi wa kawaida wa taarifa za fedha unaweza kuingizwa kwenye gharama za uendeshaji, na huo ndio mlango uliobaki. Wa masharti, hapana. Kwa maneno mengine, jana serikali ilikulazimisha kupata hati na ikakuruhusu kuilipia kwa fedha zake. Leo hailazimishi, wala hailipi. Sioni unafuu wowote hapo kwa asasi inayoishi kwa ruzuku na haina akiba.

Huku Afrika Mashariki, kutoelewa huku kumepata sura mbaya zaidi. Shirika la Tanzania, Kenya au Uganda halibanwi moja kwa moja na sheria ya ukaguzi mmoja. Masharti yake yamo kwenye mkataba, kila wakala ukiandika yake, na USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maendeleo, kwa miaka mingi ilidai ukaguzi wa mwaka kwa mashirika ya kigeni yaliyovuka kiwango fulani cha matumizi. Halafu ikaja amri ya tarehe 20 Januari 2025 iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90, barua za kusimamisha kazi, tangazo la Machi kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai mabaki yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Wengi walihitimisha kwamba aliyedai hesabu amekufa, kwa hiyo deni limekufa. Halijafa. Wajibu wa kutunza nyaraka ulitoka kwenye mkataba, na mkataba ukivunjwa unaacha nyuma kazi ya kufunga hesabu: ripoti ya mwisho, orodha ya mali, fedha zisizotumika, na ile miaka 3 inayoanza kuhesabiwa baada ya hapo. Wakati huo mhasibu ameachishwa kazi, ofisi imerudishwa kwa mwenye nyumba, programu ya uhasibu iliyolipiwa kwa mwezi imefungwa pamoja na leja zote zilizokuwa ndani yake, na maboksi ya vocha yamo kwenye stoo ya mtu. Masurufu yaliyochukuliwa Januari kwa semina ambayo haikufanyika bado yanasomeka kwenye jina la mfanyakazi ambaye sasa yuko mkoa mwingine. Hoja ikiletwa mwaka 2027, atakayejibu ni nani? Na kama jibu halipo, gharama iliyokuwa halali siku ilipolipwa inakuwa gharama isiyo na ushahidi, ambayo kwa lugha ya ruzuku ni deni.

Nadhani pia kuna upande wa matumaini katika marekebisho hayohayo, ambao umepata kelele kidogo kuliko ule wa milioni moja. Asasi ambayo haina kiwango cha gharama za uendeshaji (zile za ofisi zisizo za mradi mmoja) ilichokubaliana na serikali sasa inaweza kutoza hadi asilimia 15 badala ya 10, na mpokeaji mkuu haruhusiwi kuilazimisha ishuke chini ya hapo isipokuwa sheria au kanuni ya shirikisho inadai hivyo. Kiwango hicho hakipigwi kwenye kila dola. Vifaa vikubwa na kodi ya ofisi havimo, na ruzuku unayompa mwingine huhesabiwa kwa dola 50,000 za kwanza tu. Hata hivyo kwenye ruzuku ya 400,000 nyongeza hiyo inaweza kufika karibu dola 20,000, ambazo zinalipa sehemu nzuri ya mshahara wa mhasibu na ukaguzi wa kawaida wa hesabu. Bodi inayofurahia kufutiwa ukaguzi lakini haijawahi kumwuliza mpokeaji mkuu kwa nini bado anawapa asilimia 10 imeshika zawadi isiyo yake. Kuna mashirika makubwa yenye majina mazuri, nayo yanaendelea kuwapa wadogo asilimia 7 au 8 kwa hoja kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kanuni zinaruhusu jambo la pili. Kwa mpokeaji mdogo aliye chini ya kiwango, mpokeaji mkuu anaweza kumwajiri mkaguzi afanye uhakiki wenye mipaka kuhusu shughuli zinazoruhusiwa, gharama, ustahili wa walengwa na utoaji ripoti, na gharama hiyo anaweza kuitoza kwenye ruzuku. Hapa ndipo ningependa mjadala uhamie. Wapokeaji wakuu watano wanaomfadhili mdogo mmoja wangekubaliana juu ya uhakiki mmoja wa namna hiyo, wakagawana bei yake na wote wakautambua, roho ya sheria ya 1984 ingerudi bila kumrudishia mdogo uzito wake wote. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha mezani, na wizara zinazotoa fedha hizo ndizo zenye nguvu ya kufanya hivyo. Matokeo yake yawekwe hadharani, hata kwenye tovuti ya asasi yenyewe. Mpokeaji mkuu atasema nyaraka zake ni za ndani. Fedha si zake, na sababu ya kuzificha sijaisikia.

Kwa asasi zilizofunga hesabu Desemba 2025, tarehe ya mwisho ya kupeleka taarifa kwenye hifadhi ya serikali ni 30 Septemba 2026. Baada ya siku hiyo, ofisa wa ruzuku atakayetafuta jina la asasi iliyotumia dola 900,000 ataona mfululizo wa taarifa za miaka iliyopita, kisha nafasi tupu. Hataambiwa kama nafasi hiyo ni ya halali au ya uzembe; itambidi aulize, na asasi itahitaji kuwa na karatasi ya kumpa, iwe hesabu zilizokaguliwa, uhakiki uliolipiwa na mpokeaji mkuu, au angalau barua ya bodi yenye hesabu ya matumizi ya mwaka inayoonyesha kwa nini haikuvuka milioni moja.